MAMBO YA NYUMBANI: Deni la Jana na Unga wa Kesho



Mwezi uliopita tulisema habari za maji ya kunywa na usafi wa visima. Mwezi huu twaingia ndani zaidi ya nyumba, mpaka mahali ambapo mwenye nyumba hapendi mgeni apaone. Twataka kusema habari ya deni.

Mwalimu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, ametuandikia barua. Asema kwamba adaiwa mahali patatu, na mshahara wake ukifika hukaa siku nne tu. Auliza hivi: je, yampasa kulipa madeni kwanza, watoto wapunguziwe chakula, au yampasa kulisha watoto kwanza, wadai wangoje? Neno lake la mwisho limetushika moyo. Aliandika kwamba mkewe hajui hata deni moja katika hayo matatu.

Tumelifikiri swali hili siku nyingi. Tungeweza kumjibu kwa mithali, maana zipo tele, na kila mtu azijua. Hata aliyekopa jana azijua. Lakini twaona ni haki zaidi kumjibu kwa habari ya nyumba yetu wenyewe, ingawa tumeona haya kuisema tangu mwaka 2024 hata leo. Katekista huonya watu kila juma. Basi na aonekane naye alivyoonywa, wengine wapate faida.

DENI LILIVYOINGIA

Deni halikuingia kwetu kwa ulevi wala kwa anasa. Liliingia kwa mlango wa mbele, limevaa nguo za heshima. Januari 2024 kijana wetu wa kwanza alikwenda kidato cha kwanza. Ni kweli kwamba ada ya shule za serikali, mpaka kidato cha nne, ilifutwa tangu Januari 2016. Lakini mtoto haendi shule mikono mitupu. Yahitajiwa sare, viatu na madaftari, na kwa yule alalaye hosteli yahitajiwa pia godoro, shuka, ndoo na sanduku. Mama wa nyumba yetu alikopa shilingi 200,000 katika kikoba chake, azirudishe shilingi 22,000 kila mwezi kwa miezi kumi, jumla yake shilingi 220,000. Deni hilo tulilijua sote wawili, wala halikutuondolea usingizi.

Mwisho wa mwezi ule ule tukafiwa na baba mkubwa. Katika ukoo sisi ndio tulioonekana kuwa watu wa kazi, na macho yote yakatutazama. Ilihitajiwa sanda na jeneza, na chakula cha waombolezaji siku tatu. Tukaona haya kusema kwamba hatuna. Usiku tukaenda peke yetu kwa mtu mmoja akopeshaye fedha, tukachukua shilingi 100,000, tukaweka baiskeli yetu rehani. Masharti yake yalikuwa mafupi: kila mwezi riba ya shilingi 30,000, mpaka siku tutakapoleta laki yote kwa mara moja pamoja na riba ya mwezi huo. Watu wa mitaani huiita mikopo ya namna hiyo kausha damu, na jina hilo halikutungwa bure.

Nyumbani tukasema baiskeli iko kwa fundi.

Wasomaji, neno hilo lilikuwa dogo, lakini lilitutembeza. Tulikwenda vijijini kwa miguu katikati ya michungwa ya hapa Muheza, na kila aliyetuona alituuliza habari za baiskeli, nasi tukamjibu vile vile. Hata posho yetu ilipofika, tulitoa humo shilingi 30,000 kabla ya kufika nyumbani, tukamwambia Mama kwamba kulikuwa na michango. Miezi mitatu tulifanya hivyo. Tukawa tumekwisha kutoa shilingi 90,000, na ile laki haikupungua hata senti moja.

Pengo la nyumba likajazwa dukani. Mzee mwenye duka la jirani alituandikia katika daftari lake, leo sukari, kesho sabuni, mpaka ikafika shilingi 84,000. Hapo tukaanza kumkwepa. Tulipopata fedha taslimu ya kununua chumvi, tulimtuma mtoto wetu mdogo duka la mbali, apite njia ya nyuma ya nyumba. Siku moja mtoto akatuuliza, "Mbona siku hizi hatununui kwa Babu?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

USIKU WA DAFTARI

Tarehe 6 Juni yule mkopeshaji alikuja nyumbani, nasi hatupo. Alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa kiti. Alisema kwa adabu, "Mama, msalimu Mwalimu. Mwambie mwezi umepita siku sita. Jumamosi ya juma lijalo nitaiuza ile baiskeli, maana yupo mtu aitakaye."

Tuliporudi jioni, miguu imejaa vumbi, Mama hakusema neno. Alitupa maji ya kunawa, akaandaa chakula, akawalaza watoto. Kisha akaleta daftari la mtoto lililobaki kurasa chache, akaweka kalamu juu yake, akasema, "Baba watoto, baiskeli haiko kwa fundi. Andika."

Tukaandika. Mkono ulitetemeka, wala hatuoni haya kulisema hilo sasa. Tulipokwisha kuandika la mkopeshaji na la duka na la kikoba, tulidhani sasa ndipo atakapolia au atakapotukaripia, na haki yake ilikuwapo. Badala yake alinyamaza kidogo, akatazama chini, akasema, "Sasa andika na langu."

Kumbe naye alikuwa na deni katika simu. Mama huuza maandazi asubuhi. Mwezi wa tatu, fedha ya unga wa maandazi iliingia katika chungu cha nyumbani, mtaji ukaliwa, naye akakopa shilingi 30,000 kwa simu ili biashara isife. Baada ya siku 30 alirudisha 33,000, akakopa tena 30,000 siku ile ile. Hivyo alikuwa akitoa shilingi 3,000 kila mwezi, na deni liko pale pale. Naye alinyamaza kwa sababu ile ile tuliyonyamazia sisi: hakutaka kumwongezea mwenziwe mzigo.

Basi tulikuwa watu wawili katika nyumba moja, kila mmoja amebeba gunia lake gizani, na kila mmoja akishangaa kwa nini mwenziwe hatembei upesi. Jumla ya magunia ilikuwa hivi: mkopeshaji shilingi 130,000 pamoja na riba ya mwezi, duka 84,000, kikoba 132,000 zilizobaki, simu 33,000. Zote pamoja shilingi 379,000. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona hesabu hiyo ikiwa nzima. Ilitutisha, lakini ilikuwa na mwisho. Na kitu chenye mwisho chaweza kulipwa.

HESABU YA CHAKULA

Usiku wa pili tulifanya hesabu ya chakula. Posho yetu ni shilingi 160,000 kwa mwezi, na faida ya maandazi yapata 100,000, jumla 260,000. Tukaandika kila kitu kiliwacho na kitumiwacho, bila kuficha, tukaona kwamba nyumba yatumia shilingi 231,000. Zilibaki 29,000. Na kila mwezi madeni yalidai 55,000, yaani riba 30,000, kikoba 22,000 na ada ya simu 3,000. Ndipo tulipojua kwa nini daftari la duka linanenepa: kila mwezi tulikuwa tukipungukiwa shilingi 26,000, na shimo hilo halifukiwi kwa maombi ya mtu asiyetaka kushika kalamu.

Hatukugusa unga wala maharage. Mtoto mwenye njaa hasomi, na mwuza maandazi mwenye njaa hula maandazi yake. Tulitafuta mahali ambapo fedha yapotea bila kumshibisha mtu, tukapaona mahali panne.

Kwanza, mkaa. Tulikuwa tukinunua kwa kopo, shilingi 28,000 kwa mwezi. Tukanunua gunia moja kwa 20,000, na Mama akaanza kuloweka maharage tangu jioni, yaive upesi. Faida 8,000. Pili, mafuta ya kula. Yaliyopimwa kidogo kidogo kila siku yalitugharimu 24,000. Tuliponunua yale yale lita tatu kwa mara moja ilikuwa 18,000. Faida 6,000. Angalieni neno hili, maana ndilo linalowaumiza watu wa kipato kidogo: anunuaye kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko anunuaye kwa wingi. Tatu, vocha za simu, kutoka 12,000 mpaka 3,000. Faida 9,000. Nne, chai na chapati zetu za njiani, shilingi 8,000, ambazo hatukuwa tumemwambia mtu. Hizo zilikuwa za kwetu peke yetu, tukazifuta kwa mkono wetu.

Jumla ya hayo manne ni shilingi 31,000. Matumizi yakashuka mpaka 200,000, kwa mpango huu: unga 60,000, maharage 24,000, sukari 12,000, mafuta 18,000, mboga na dagaa 30,000, mkaa 20,000, umeme 6,000, sabuni, chumvi na vocha 10,000, mahitaji ya shule 10,000, sadaka na rambirambi 10,000. Zikabaki shilingi 60,000 za kulipa madeni. Mtaji wa maandazi tukauweka katika kopo la peke yake, na ikawa amri kwamba fedha ya kopo lile haipiki ugali.

NANI ALIPWE KWANZA?

Hapa ndipo wengi wakosapo. Moyo hutaka kumlipa kwanza yule tunayemwonea haya, au yule apigaye kelele zaidi. Lakini tazameni shilingi 100,000 zikidaiwa kwa miezi kumi. Yule mkopeshaji atakuwa amekula riba ya 300,000, na laki yake bado iko. Mkopo wa simu kama ule wa Mama, ukirudiwa kila mwezi, utakuwa umekula 100,000. Kikoba kitakuwa kimechukua 10,000 tu, nazo hugawanywa kwa wanachama mwisho wa mwaka. Duka la jirani halitakuwa limekula kitu. Basi afungwe kwanza mdomo yule alaye zaidi.

Lakini jirani asiachwe bila neno. Kanuni yetu ilikuwa hii: fedha kwanza kwa mwenye riba kali, neno kwanza kwa jirani. Asubuhi yake tulikwenda dukani kwa mlango wa mbele, tukamwambia yule mzee, "Mzee wetu, deni lako ni 84,000, twalijua. Mwezi huu hatuna cha kukupa. Mwezi ujao tutakuletea 5,000, na baada yake zaidi. Na tangu leo tutanunua kwako kwa fedha taslimu. Usituandikie tena hata kiberiti." Akatutazama, akasema, "Mwalimu, ajaye kuniambia hana, si sawa na apitaye nyuma ya nyumba." Kumbe alikuwa akimwona mtoto siku zote.

Kisha tukauza mbuzi. Tulikuwa na mmoja, tuliyemweka kwa ajili ya Krismasi. Alitupatia shilingi 95,000. Tukaongeza 35,000 za mwezi ule, zilizobaki baada ya kutoa 22,000 za kikoba na 3,000 za simu, tukapata 130,000 kamili. Siku ya Alhamisi tulikwenda sote wawili kwa mkopeshaji, Mama akahesabu fedha mezani, tukaomba karatasi yetu tuliyotia sahihi, tukaichana hapo hapo. Tulirudi tukiikokota baiskeli, maana magurudumu hayakuwa na upepo.

Labda mtu atauliza: kwa nini hatukukopa tena katika kikoba ili kumlipa mkali? Shauri hilo si baya kwa wenye nafasi, maana ni kuhama kutoka riba kubwa kwenda riba ndogo. Lakini kikoba cha Mama hakitoi mkopo wa pili kabla ya wa kwanza kwisha, na sheria hiyo ndiyo ihifadhiyo kikundi. Wala asikope kumlipa mwingine yule ambaye bado hajaziba shimo la matumizi yake. Atakuwa na madeni mawili.

MIEZI SITA

Mwezi wa Julai riba ya 30,000 haikuwapo tena. Tulitoa ya kikoba, zikabaki 38,000. Tukalipa simu 33,000, na Mama hakukopa tena. Zile 5,000 zikaenda dukani kama tulivyoahidi. Agosti binti yetu alishikwa na malaria. Dawa na safari ya hospitali zilichukua shilingi 15,000. Usiku ule simu ilikuwa mkononi, na fedha ya mkopo ilikuwa karibu kuliko jirani. Tukaiweka chini. Badala ya 38,000 tukapeleka dukani 23,000, na habari ya ugonjwa tukaipeleka pamoja nazo. Mzee akaipokea, akatupa machungwa mawili kwa ajili ya mgonjwa.

Septemba tulimpa 38,000. Oktoba zilibaki 18,000, tukazimaliza. Alichukua kalamu akapiga mstari mrefu katika ukurasa wetu, kutoka pembe mpaka pembe, akamwita mtoto wetu mdogo aje aone. Novemba Mama alipeleka kikoba 22,000 za mwisho. Usiku ule hatukufanya karamu. Krismasi ile hatukuwa na mbuzi, tukala kuku mmoja, wala hakuna mtoto aliyeuliza.

MAONYO MACHACHE

Tusiseme kwamba kila mkopo ni mbaya. Kikoba kizuri kimezinyanyua nyumba nyingi. Vikundi vya namna hii vya kuweka na kukopeshana vilienezwa sana tangu mwaka 1991, wanawake wa Niger walipopangwa hivyo na shirika la CARE. Nguvu ya kikundi ni hii: fedha ni ya wanachama, riba yarudi kwao, na kila mmoja ajua nani anadaiwa nini. Katika kausha damu mambo matatu hayo yote yamegeuzwa.

Katika Tanzania iko Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowapanga watoao huduma hizo katika madaraja manne. Makampuni na watu binafsi wakopeshao bila kupokea amana za watu wako daraja la pili, wala hawana ruhusa ya kufanya kazi hiyo bila leseni. SACCOS ziko daraja la tatu. Vikoba na vikundi vya kijamii viko daraja la nne, navyo vyapasa kuandikishwa. Basi kabla ya kutia sahihi, mwulize mkopeshaji leseni yake, usome karatasi yote, nawe uchukue nakala. Sisi hatukuuliza, maana tulikwenda usiku. Mtu aendaye kukopa usiku hasomi.

Na juu ya mikopo ya simu, jifunzeni kuhesabu mwaka. Ndugu zetu wa Kenya wataukumbuka mkopo wa M-Shwari ulioanza Novemba 2012, ambao ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu aliyekopa mara moja kwa haja ya kweli, akalipa, akanyamaza, hakuumia sana. Lakini mtu akikopa na kulipa na kukopa tena kwa ada hiyo mara 12 katika mwaka, atakuwa ametoa ada ya asilimia 90 ya fedha aliyokopa, na mwisho wa mwaka bado anadaiwa. Ada ndogo hufanana na siafu: mmoja si kitu.

JIBU LA MWALIMU

Sasa twamrudia mwalimu wetu. Auliza, kulipa kwanza au kulisha kwanza? Wasomaji wetu waijua habari ya mjane yule wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii alimwuliza kwanza ana kitu gani nyumbani. Hiyo ndiyo hesabu. Alikuwa na mafuta kidogo. Na mwisho wa habari aliambiwa mambo mawili kwa pamoja: auze mafuta alipe deni, kisha kilichobaki kimlishe yeye na wanawe. Hakuambiwa alipe yote afe njaa, wala hakuambiwa ale, mdai asahauliwe. Na tena, wanawe walikuwapo nyumbani wakimletea vyombo mlango umefungwa. Deni la nyumba ile lilijulikana na nyumba nzima.

Basi, ndugu mwalimu, kata fungu la chakula kwanza, liwe la haki na lisizidi. Kinachobaki, hata kikiwa shilingi 10,000, kipe kazi kabla hakijapata miguu. Mfunge mdomo mwenye riba kali. Kwa wengine peleka neno la kweli, na siku ya kulipa, na ufike siku ile hata ukiwa na kidogo. Kama kuna kitu zizini au chumbani ambacho bei yake yaweza kukata riba leo, kiuze. Utanunua kingine siku ya amani.

Lakini hayo yote ni ya pili. La kwanza ni kwamba umwambie mkeo usiku huu, kabla mtu mwingine hajapiga hodi na kumwambia. Sisi tulingoja mpaka aambiwe na mkopeshaji, na katika habari hii yote hilo ndilo tunalolijutia. Zile shilingi 90,000 tumekwisha kuzisahau. Yale maneno, "baiskeli iko kwa fundi," hatujayasahau, wala Mama hajayasahau, ingawa sasa huyasema kwa kucheka baiskeli inapoharibika kweli.

Daftari lile bado liko, limefungwa kwa uzi, juu ya kabati la vyombo. Kila tarehe mosi Mama hulishusha, akaweka kalamu juu yake. Twaketi sote wawili.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari ya kuhifadhi mahindi na maharage yasiliwe na wadudu, ili wenye nafasi wanunue wakati wa mavuno. Wenye maswali na watuandikie, nasi tutayatunza majina yao kama tulivyolitunza la mwalimu huyu.

Tukaao nanyi katika mambo ya nyumbani,
Katekista wenu.